Habari za Nyumbani

Jumatano iliyopita simu ya mwombaji kazi mmoja iliita katikati ya mahojiano. Tulikuwa tukimwona kwenye kompyuta, naye akatuomba radhi kwa haya, akaeleza kwamba mama yake amelazwa na ndugu zake walimwahidi kumpigia mara tu daktari atakapotoka. Mwenyekiti wetu, ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yangu, akamwambia, "Pokea, tutakungoja." Tukazima kamera zetu. Wenzangu walikwenda kujimiminia chai. Mimi nilibaki kitini, na mawazo yakanirudisha Chicago, katika chumba cha hoteli, asubuhi ya tarehe 30 Desemba 2007.

Wakati ule kazi ya kufundisha fasihi katika vyuo vikuu vya Marekani ilikuwa na msimu wake. Matangazo yalitoka Oktoba, na baina ya Krismasi na Mwaka Mpya kamati na waombaji walikutana katika mkutano mkuu wa MLA, chama cha walimu wa lugha na fasihi wa huko. Mwombaji alijilipia nauli na malazi, hata kama ameitwa na chuo kimoja tu, kwa mazungumzo yasiyotimia saa nzima. Kamati nyingine zilihoji watu kwenye meza ukumbini. Sisi tulikodi chumba chenye sebule yake, na mlango wa upande wa kitanda niliufunga mwenyewe kila asubuhi, kwa kuwa sikuona kuwa ni heshima mtu aje kutafuta riziki huku akitazama shuka za watu. Tulikuwa wanakamati watatu, na katika siku tatu tuliwasikiliza waombaji kumi na wawili.

Siku mkutano ulipoanza, tarehe 27, ndiyo siku Wakenya walipopiga kura. Usiku nilikuwa nikilala kwa kuibia, nikisoma matokeo yaliyokuwa yakitoka jimbo moja moja, na asubuhi nikivaa vizuri na kwenda kuuliza watu maswali. Tarehe 30, nilipokuwa nikipanga glasi za maji, kaka yangu alinipigia kutoka Mombasa. Msimu huo wa baridi Chicago ilikuwa nyuma ya Kenya kwa saa tisa, kwa hiyo kwao jua lilikuwa likielekea kutua. Alisema Kivuitu, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, amekwisha kutangaza, kwamba Kibaki ameshinda kwa kura zaidi ya 230,000 na anaapishwa jioni hiyohiyo Ikulu. Kisha akasema, "Dada, watu hawajakubali. Tuombeeni." Nikazima simu na kuitia mkobani, maana hodi ilikuwa imeshapigwa.

Aliyeingia alikuwa kijana wa Kenya, mtu wa Bonde la Ufa. Nilikuwa nimekwisha kulisoma hilo katika maombi yake, nikawaeleza wenzangu mapema kwamba simjui wala hatuna udugu. Nilikuwa pia nimeamua kwamba nitamsalimu kwa Kiingereza kama nilivyowasalimu wengine, ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba nimembeba. Nikampa mkono, nikamkaribisha kwa Kiingereza. Akaendelea kunitazama kidogo, kama mtu anayengoja sehemu ya salamu iliyobaki, halafu akaketi. Viatu vyake vyeusi vilikuwa vimepigwa rangi kwa uangalifu, lakini chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu ilikuwa imeacha mstari mweupe kuzunguka kila kiatu. Alipouona, aliirudisha miguu chini ya kiti.

Alizungumza vizuri. Utafiti wake ulimhusu Muyaka bin Haji, na mimi niliyelelewa Mombasa nikisikia mashairi ya Muyaka yakinukuliwa barazani kama methali, nilifurahi kumsikia akiyaeleza upya kwa wageni. Alieleza jinsi mshairi yule alivyosimama na Wamazrui, watawala wa Mombasa, dhidi ya Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, na jinsi beti zake zilivyokuwa silaha katika ugomvi wa nani ana haki ya kutawala pwani. Mwenyekiti alikuwa akiandika kwa kasi, jambo ambalo hakulifanya kwa kila mtu.

Ndipo mwenzetu wa tatu, mama mwema ambaye sina shaka na nia yake, alipoweka kalamu chini na kumuuliza: kama angeingia darasani wiki hiyo, angeyatumiaje mashairi hayo kuwaeleza wanafunzi uchaguzi wa nchini kwake?

Kijana alinyamaza. Alichukua glasi, akaiinua, akairudisha mezani bila kunywa. Macho yake yalikuwa mekundu, na nilijua kwa hakika kwamba naye alikuwa amekesha kama mimi. Katika mfuko wa koti lake, upande wa moyo, simu ilionekana kwa umbo lake. Ilikuwa imezimwa, kama kila mwombaji alivyoshauriwa na walimu wake. Akasema polepole, "Bado tunangoja matokeo. Nisingependa kuyasemea kabla hayajatoka."

Yalikuwa yametoka. Katika chumba kile ni mimi tu niliyejua. Nilitazama karatasi zangu, na swali lililofuata katika orodha lilikuwa langu, nikalisoma kama lilivyoandikwa.

Muda ulipokwisha nilimsindikiza mlangoni. Mwombaji wa baada yake alikuwa tayari amesimama ukutani, folda kifuani. Kijana alinishika mkono, akainamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza akasema nami kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kuna habari zozote za nyumbani?"

Nikasema, "Bado."

Akanishukuru. Akaelekea kwenye lifti akivaa koti lake huku akitembea, na kabla hajafika niliona mkono wake ukiingia mfukoni kutafuta simu.

Tulipokaa kupima, mwenyekiti alisema kijana ana elimu, lakini alipoulizwa jambo lililo hai alikwepa. Nilisema hakukwepa, alikuwa hana habari. Sikusema kwamba mimi nilikuwa nazo. Watatu walialikwa kuja chuoni, naye akawa wa nne. Labda angekuwa wa nne vyovyote vile. Katika wiki zilizofuata watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini kwetu na mamia ya maelfu wakakimbia makwao, wengi wao katika Bonde la Ufa. Kwao kulikuwaje, sikuuliza.

Nimejieleza mara nyingi kwamba nilikuwa nikilinda haki ya wale kumi na mmoja wengine, na siku nyingine naamini hivyo. Lakini haki hiyo ilihitaji nini kwangu pale mlangoni, mahojiano yakiwa yamekwisha, hilo bado sijalipatia jibu.

Dakika nne baadaye Jumatano ile kijana wetu alirudi kwenye kompyuta, akasema mama ametoka salama, na sote tukampa pongezi kabla ya kuendelea. Jioni hiyo nilitafuta makala ya yule wa Chicago juu ya Muyaka, ambayo ninayo tangu ilipochapishwa, na chini ya jina lake kuna anwani. Nimeanza kumwandikia mara mbili. Mara zote mbili nimeandika "Habari za nyumbani", nikashindwa kuendelea.