Kadi ya Marekani si Fomu S

Aliyevuna maua Naivasha anajua jinsi chama cha wafanyakazi kinavyoingia kazini. Watu wanatia sahihi Fomu S, ya kuruhusu ada ya chama ikatwe kwenye mshahara, makato yanaanza, na chama kikishapata zaidi ya nusu ya wanaostahili kujiunga, mwajiri anatakiwa kukitambua. Ndivyo isemavyo Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya Kenya ya 2007. Huku Marekani sahihi haifiki mbali hivyo, na hapa ndipo ndugu zetu wa Nakuru na Kisumu walioajiriwa kwenye maghala na nyumba za wazee wanapokwama. Wanasaini kadi ya kuunga mkono chama, wanaona shughuli imekwisha.

Kwa kawaida kadi inaomba tu ipigwe kura ya kukubali au kukataa chama. NLRB, bodi inayosimamia kura hizi katika kampuni binafsi, inataka sahihi za asilimia 30 ya wafanyakazi watakaohusika. Tafadhalini, msipeleke ombi la kura na 30 pekee! Ombi likishafika, mwajiri ataanza kuwashawishi watu wakatae, na wenye hofu watarudi nyuma. Ngojeni mfike theluthi mbili. Kila kadi iwe na tarehe, la sivyo haihesabiwi. Sainini wakati wa mapumziko, kwenye chumba cha kulia au maegesho ya magari. Msimamizi asiguse kadi hizo: yeye hana kura, na sahihi alizokusanya zinaweza kukataliwa. Kwenye nyumba za wazee mwangalieni pia muuguzi anayewapangia wenzake kazi, maana huenda naye akahesabiwa msimamizi.

Kura yenyewe ni ya siri, na kinachohesabiwa ni kura zilizopigwa, si idadi ya walioajiriwa. Mkiwa 100 na wakajitokeza 60, kura 31 zinatosha. Zikiwa 30 kwa 30, mmeshindwa, na hakuna kura nyingine kwa miezi 12. Kwa hiyo aliyetoka shifti ya usiku akaenda kulala, hata kama kadi yake ilikuwa ya kwanza, hajaongeza chochote. Pangeni mapema nani atambeba nani kwa gari, saa ngapi.

Halafu waonyesheni watu karatasi ya kura ilivyo kabla ya siku yenyewe, hasa waliozoea fomu za nyumbani. Ni alama moja katika kisanduku kimoja. Jina lisiandikwe, sahihi isitiwe. Karatasi inayomtambulisha mpiga kura inahesabiwa imeharibika, hata kama alichagua chama.