Printa yangu, wapangaji wa uani na VLAN tatu

Saa tatu usiku printa iliamka yenyewe ikaanza kutema karatasi: katuni, kurasa sita, wino wa rangi. Mke wangu akauliza imeingiwa na nini. Kumbe mtoto wa mpangaji alikuwa anachezea simu ya mama yake, akaiona printa, akabonyeza.

Hapa Sinza mimi na wapangaji wa uani tunachangia intaneti, na wote tulikuwa mtandao mmoja: simu zao, kamera za getini, kompyuta yangu ya kazi. Nikaamua kuugawa kwa VLAN, yaani mitandao iliyotenganishwa ndani ya ruta moja.

Ruta yangu ni MikroTik hEX, poti tano. Ya 1 inapokea intaneti. Ya 2 nikaifanya yangu, VLAN 10. Ya 3, yenye waya wa kwenda uani, VLAN 20. Ya 4 ya kamera, VLAN 30. Namba ni hiari yako, mradi isizidi 4094. Kila VLAN nikaipa anwani zake na DHCP yake (inayovigawia vifaa anwani), kisha nikawasha uchujaji wa VLAN kwenye briji, yaani swichi ya ndani ya ruta inayounganisha poti.

Winbox, programu ninayoendeshea ruta, ikakatika. Intaneti ikazimika nyumba nzima, mpira ukiwa kipindi cha pili, na uani wakaanza kutoka nje mmoja mmoja. Kwenye jedwali la VLAN nilikuwa nimeandika poti zote, nikasahau kuiandika briji yenyewe. Bila hiyo, ubongo wa ruta hauzipati hizo VLAN, na wewe mwenyewe unafungiwa nje. Nikabonyeza reset, nikaanza upya na 192.168.88.1, anwani ya ruta ya kiwandani.

Safari hii poti ya 5 niliiacha nje ya briji, nikachomeka laptop hapo, nikawasha Safe Mode: ukijikatia njia, ruta inafuta ulichokibadilisha.

Nikaenda uani kujaribu. Nikaipigia printa ping (kuiuliza kama ipo), ikajibu! VLAN zilikuwa zimetenganisha poti, sawa, ila kazi ya ruta ni kuunganisha mitandao, kwa hiyo ilikuwa inavusha pakiti za data toka 20 kwenda 10 bila kinyongo. Dawa ilikuwa fayawoli, kanuni za nini kipite na nini kizuiwe: chochote kinachotoka VLAN 20 kikielekea 10 au 30, kitupwe. Kamera nikazinyima intaneti kabisa; naziangalia nikiwa VLAN 10.

Jumamosi mama yake yule mtoto akanisimamisha. "Baba mwenye nyumba, mtoto anauliza ile mashine ya kuchapa imeharibika?"

Nikamwambia ni nzima, ila sasa katuni zinapitia kwangu kwanza.