Siku moja na kompyuta iliyokataa kuganda mbele yangu

Saa moja na nusu asubuhi. Kabla sijaingiza ufunguo kwenye kufuli huwa nachungulia kwa kinyozi wa jirani. Mashine yake ikinguruma, stima ipo. Leo ipo. Chumba changu kiko orofa ya kwanza, uchochoro mmoja kutoka Oginga Odinga Street hapa Kisumu, na kinatosha meza mbili na mimi nikikaa kiupande. Nafagia, naagiza chai kwa mama wa mandazi aliye chini ya ngazi, nafungua.

Saa mbili na robo. Pikipiki inasimama, mama mmoja anashuka amekumbatia kompyuta ya mezani iliyofungwa leso kama mtoto anayepelekwa kliniki. Ni karani wa ofisi ya ufuo mmoja nje ya mji, mahali wavuvi wanapopimia samaki. Kila kilo ya omena, mbuta au ngege inayoshushwa pale, yeye huiingiza humo.

"Oyawore, mama."

"Oyawore ahinya, kijana wangu. Hii kitu itanizeesha. Inaganda."

Katika kazi hii sina neno ninaloliogopa kama hilo. Mashine iliyokufa haina maneno mengi: umeme unaingia au hauingii. Inayoganda hufika kwa fundi ikajitia uzima, ikacheka na wewe siku nzima, kisha ikaganda ikifika kwa mwenyewe. Ndiyo maana sishiki bisibisi kabla sijauliza. Ikiganda, mshale wa mausi bado unatembea? Ukibonyeza Caps Lock, taa yake ndogo kwenye kibodi inawaka na kuzima? Na taa ya diski pale mbele, inapepesa au imetulia? Mshale ukitembea lakini hakuna kinachofunguka, prosesa, ubongo wa mashine, iko hai na kuna kitu inakingoja, mara nyingi haidi diski inayotunza faili. Mshale ukifa na Caps Lock isijibu, nashuku ramu (kumbukumbu ya muda), joto, umeme au bodi yenyewe.

Mama anafikiri kidogo. "Taa inabaki imewaka tu, haipepesi. Nikingoja kama dakika mbili inaendelea. Lakini siku zingine haiendelei kabisa, naizima kwa nguvu."

Jibu lote lilikuwa hapo. Mimi nikasikia nusu ya kwanza.

Saa tatu. Naiwasha bila kuifungua. Inachukua karibu dakika nne kufika kwenye skrini yenye picha ya mashua. Nafungua hili, nafunga lile. Haigandi. Anakuja kijana wa chuo na laptopu iliyonywa uji, naitoa betri na kuilaza kifudifudi. Anakuja mzee kuuliza kama natoa fotokopi, namwelekeza ng'ambo ya barabara. Bado haigandi.

Saa nne kasorobo imekwama. Taa imetulia, mshale unatembea, Caps Lock inajibu. Nahesabu: sekunde tisini na tano, kisha madirisha yote niliyokuwa nimebofya yanafunguka kwa mkupuo kama watu waliotoka kanisani. Naingia kwenye kumbukumbu za matukio ya Windows na kukuta kosa namba 7 limejipanga mistari na mistari: diski ina sehemu mbovu. Napima na CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, rangi ni ya njano, yaani tahadhari. Mstari wa C5 unaonyesha sekta, vipande vidogo vya diski, ambazo diski imeshindwa kuzisoma na haijaamua izifanyeje. Kila Windows inapogusa sekta kama hiyo, diski hurudia kuisoma tena na tena, na kila kitu kingine hupanga foleni nyuma yake.

Nampigia mama simu. Nakala ya zile hesabu za samaki iko wapi?

"Nakala gani?"

Miaka saba ya mizani iko ndani ya diski inayokufa. Hapo naacha yote. Fundi anayeanza kusafisha na kusakinisha kabla ya kuokoa faili za mtu, mimi simpi hata redio yangu. Nawasha mashine kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, na kuanzisha ddrescue, programu ya kuokoa data, inakili diski nzima ya gigabaiti 160 kwenye diski yangu ya nje. Inachota kwanza panaposomeka kwa urahisi, pabaya inaparuka na kuparudia baadaye. Wakati wote inaandika ramani ya ilipofika.

Saa tano na nusu stima inapotea. Asilimia 71. Kinyozi anatoka nje, mteja wake nyuma yake na nusu ya kichwa.

Nakaa bila wasiwasi mkubwa kwa sababu ya ile ramani, na kwa kuwa mashine imezimika, nafungua ubavu wake. Nimefungua kompyuta nyingi za mji huu lakini hii imenishtua. Feni ya prosesa haionekani. Vumbi lipo, ila lililojaa ni wadudu wa ziwa, wale wadogo wanaoinuka juu ya maji kama moshi wa moto mkubwa. Mama hufanya hesabu jioni, taa ya ofisi na skrini zinawaita, feni inawavuta ndani. Wamekauka na kushikamana na vumbi hadi wakawa blanketi, na wananuka samaki. Blowa haina stima, kwa hiyo natoka barazani na brashi ya rangi. Chini ya feni, pesti ya kupitisha joto la prosesa imekauka kama chokaa. Naifuta kwa spiriti na kupaka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Ramu mbili nazisugua meno yake kwa raba ya penseli, maana hewa ya ziwa huacha utando juu yake, na nazirudisha mpaka vishikizo vilie.

Saa saba na dakika ishirini stima imerudi. Ddrescue inasoma ramani yake na kuendelea palepale ilipoachia. Mwishowe kilobaiti 44 tu ndizo zimekataa, na faili za samaki zinafunguka zote.

Saa tisa. Namwaga ile nakala kwenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka, ya gigabaiti 240, naifunga ndani, naiacha chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, ipitie. Inawaka kwa sekunde ishirini na kitu, picha ya mashua mahali pake. Joto la prosesa ni nyuzi 56. Napiga simu kwa sauti ya mshindi: mama, njoo uchukue.

Saa kumi na robo amefika, akafurahia ile kasi, akafungua faili lake na kuandika mistari mitatu ya omena. Mshale ukasimama. Caps Lock, kimya.

"Eeh, hii ndiyo ile ya kuzima kwa nguvu," akasema, bila hasira yoyote. Afadhali angenigombeza.

Kumbe magonjwa ni mawili, na moja lilikuwa likijificha nyuma ya lingine. Nachukua mita. Waya wa njano wa pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine, unatakiwa kutoa volti 12, na chini ya 11.4 haikubaliki. Mashine ikitulia nasoma 11.6. Nikiipa kazi inashuka hadi 11.1. Namulika tochi kwenye matundu: kapasita mbili, vile vikopo vya kutunza chaji, zimevimba vichwa. Siifungui, maana kapasita zinaweza kukaa na chaji hata ukichomoa waya, na pawa saplai kuukuu si ya kufia. Nadhani asubuhi ilivumilia kwa sababu chumba kilikuwa baridi, na diski mbovu ilikuwa ikiifanya mashine ipumzike kila mara. Nimeipa SSD, sasa inafanya kazi kweli, na umeme unaisaliti.

Kwenye rundo langu la vyuma nina pawa saplai nzima ya aina ileile. Naifunga, 12.1, na mzigo hauitikisi.

Mama anauliza itaishi mpaka lini. Namwambia ukweli. Prosesa ni Core 2 Duo, Windows 11 haiitaki, na Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Asiifanyie mambo ya benki, na kila Ijumaa anakili faili lake kwenye flashi. Hesabu: SSD elfu tatu na mia mbili, pawa saplai mia nane, kazi elfu moja. Aibu ya saa kumi sikuitoza. Leo lakini mashine haiendi naye.

"Na samaki wa kesho nitawaandika wapi?"

"Daftarini, mama."

Anacheka, anashuka ngazi kutafuta tuktuk.

Saa mbili usiku. Memtest, programu ya kupima ramu, imemaliza mzunguko wa pili, makosa sifuri, na kabla yake mashine ilikuwa imefanya kazi saa moja na nusu bila kukwama. Dirisha liko wazi kwa sababu ya joto, na wadudu wa kwanza wameshatua kwenye mwanga wa skrini. Naizima haraka, natafuta kitu cha kuziba upande wa feni, nakuta mama ameacha leso yake.