Umerudi, Nakumatt haipo: pesa zilipitia wapi

Aliyeondoka Kenya mwaka 2012 aliiacha supamaketi ya Nakumatt ikifunguliwa mchana na usiku, ikiuza maziwa, friji, sofa, baiskeli na magodoro chini ya paa moja. Akirudi leo hapati tawi hata moja. Ukiuliza, jibu la haraka ni kwamba "wenyewe walikula pesa", na mazungumzo yanaishia hapo. Jibu hilo halitoshi. Tena kwa ndugu anayerudi na akiba yake, akipanga kutengeneza siagi ya karanga, asali au sabuni na kuipeleka supamaketi, linaweza kumponza. Nakumatt ilikuwa na wateja. Iliuawa na namna ilivyolipia mzigo.

Ilianzia Nakuru, duka la magodoro la familia ya Shah, ikakua hadi kuwa na matawi zaidi ya 60. Kigali iliingia 2008, Kampala 2009, ikafika Moshi, na mwaka 2014 ikachukua maduka ya Shoprite yaliyokuwa Dar es Salaam na Arusha. Ilipata misiba mikubwa: moto wa Januari 28, 2009 katikati ya Nairobi ulioua watu zaidi ya 20, kisha shambulio la kigaidi kwenye moli ya Westgate, Nairobi, ilikokuwa na tawi, Septemba 21, 2013. Wengi husema Westgate ndiyo iliyoiangusha. Sikubaliani. Tawi lile lilifunguliwa tena 2015, na kati ya tarehe hizo mbili kampuni iliendelea kufungua mengine. Ugonjwa ulikuwa kwingine.

Supamaketi hupokea mzigo leo, huuza wiki hii, hulipa baada ya siku 60 au 90. Chukua mfano wa tawi linalopokea sukari ya shilingi milioni 1 na kuimaliza kwa siku 10. Kama ankara inalipwa siku ya 60, pesa taslimu hukaa mkononi mwa duka siku 50 bila riba. Zidisha kwa maelfu ya bidhaa na matawi 60, utaona fungu kubwa sana la pesa. Lakini fungu hilo si faida. Ni mali ya mwenye kiwanda, limepita tu kwenye droo ya keshia. Duka makini hulirudisha kwenye mzigo unaozunguka haraka. Duka lenye haraka ya kukua hulipeleka kwenye matawi mapya.

Na tawi jipya ndani ya moli humeza. Linataka majokofu, rafu, jenereta, mashine za keshia, amana ya kodi ya pango, na mzigo wa kujaza sakafu nzima, yote kabla mteja wa kwanza hajaingia. Litachukua miaka kujilipa. Ukilifungua kwa deni la siku 60, siku ya 61 ni lazima utafute pesa pengine. Nakumatt ilizipata benki na kwa wawekezaji walionunua hati zake za mkopo wa muda mfupi, takriban shilingi bilioni 4. Kisha mlango ukabana. Imperial Bank ilifungwa Oktoba 2015, Chase Bank ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali za kampuni iliyokwama, Aprili 2016, na Septemba mwaka huohuo riba za mikopo zikawekewa kikomo kisheria. Benki zikawa na wasiwasi na kila mkopaji. Wakati huohuo supamaketi ya Carrefour ikaingia kupitia moli ya The Hub, Karen, na moli mpya zikawagawana wateja walewale.

Mwaka 2017 rafu zikaanza kuwa tupu, na mpangilio wa kuishiwa ndio somo lenyewe. Wa kwanza kusimamisha magari ni wenye mkate, maziwa, unga, sukari na mafuta, kwa sababu bidhaa zao zinauzika popote na faida yao ni nyembamba, hawawezi kungoja. Zinabaki sahani, wanasesere na magodoro. Wafanyakazi huvuta kilichopo hadi ukingoni mwa rafu ili paonekane pamejaa. Ila mtu hatoki nyumbani kila siku kufuata godoro. Anafuata maziwa, na akiwa humo ndipo anaona godoro. Maziwa yakikosekana, idara zote zinakosa miguu. Mauzo yakashuka, kodi za majengo zikalimbikizwa, wenye moli wakaanza kuwafukuza. Mpango wa kuungana na Tuskys, supamaketi nyingine ya Kenya, haukufika mbali. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, matawi sita ya mwisho yakauzwa kwa mshindani wake Naivas kwa shilingi milioni 422, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe.

Madai yalizidi bilioni 30. Hata kama hizo milioni 422 zingegawanywa sawa kwa sawa, aliyedai 100,000 angepata kama 1,400. Na hazigawanywi hivyo. Wenye dhamana, gharama za ufilisi, mishahara na kodi hutangulia. Aliyeleta mzigo bila dhamana hungoja mwisho wa foleni. Mwenye vocha ya zawadi naye amesimama hapohapo nyuma.

Supamaketi ya Uchumi, nayo ya Kenya, ilikuwa imepita njia inayofanana: ilianzishwa na mashirika ya serikali miaka ya 1970, ikasimamiwa mwanzoni na Standa ya Italia, ikafilisika Juni 2006, ikafufuka, kisha 2015 ikafunga maduka yake ya Uganda na Tanzania huku wasambazaji wakidai.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kupeleka mzigo, anza na tarehe. Uliza siku za mkopo zinahesabiwa kuanzia lini. "Siku 60 baada ya mwisho wa mwezi" kwa mzigo wa Machi 2 ni Mei 30, yaani siku 89. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 ya mauzo hayo KRA, mamlaka ya mapato, inaitaka ifikapo Aprili 20, umelipwa hujalipwa. Ukiuza mzigo wa 300,000 kwa mwezi, utakuwa na karibu 900,000 nje kabla hujaona shilingi ya kwanza, na bado unahitaji kununua karanga za mwezi unaofuata. Panga kiwango cha juu cha deni, kikifika gari lisitoke. Usipeleke kitu kwa oda ya simu. Dai oda yenye namba, na hati ya kupokelea iwe na mhuri, jina na sahihi ya aliyepokea. Bidhaa zinazorudishwa zikatwe kwa hati, si kwa mdomo.

Tembelea tawi asubuhi, upitishe mkono nyuma ya safu ya kwanza ya rafu. Angalia mkate na maziwa. Dalili ninayoihofia kuliko zote ni oda kukua huku malipo yakichelewa: mara nyingi maana yake wenzako wamegoma, na wewe ndiye unayejaza pengo.

Ukicheleweshwa, faili lenye hati hizo lipeleke Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Sheria ya ushindani ilirekebishwa 2019 ili kuwabana wanunuzi wakubwa wanaowaonea wasambazaji, na mwaka 2020 Mamlaka iliitumia dhidi ya Tuskys. Usisubiri ankara ya tatu ipitwe na tarehe. Peleka ya kwanza, wakati duka bado lina kitu cha kulipia.