"Mjomba, hawa watakula nini?"

Wazazi wenzangu wa Tanga, tusizilaani gemu zote kwa pamoja. Mpwa wangu wa kidato cha sita anacheza This War of Mine kwenye simu yangu, gemu iliyotengenezwa Poland na kutoka 2014. Humo wewe si askari. Ni raia uliyekwama kwenye mji uliozingirwa, kama walivyokwama watu wa Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, vitani miaka ya 90. Mchana unapika na kuziba matundu ya nyumba, usiku unatoka kusaka chakula na dawa.

Juzi, humo kwenye gemu, kaingia kwa wazee wawili, mtu na mkewe. Dawa zipo, na mwenzake aliyemwacha nyumbani ni mgonjwa. Mzee wa watu anamfuata nyuma akimsihi asiwadhuru. Kijana akanigeukia: "Mjomba, nikibeba hivi, hawa watakula nini?" Akaiweka simu chini. Tukazungumza mpaka usiku mkubwa, habari za wakimbizi, za majirani zetu.

Poland yenyewe ilitangaza 2020 kuiweka gemu hii kwenye orodha ya hiari ya kusoma ya wanafunzi wa sekondari. Ni ya wakubwa, ina ukatili, kwa hiyo kaa naye.

Wenye mabanda ya gemu Ngamiani, wekeni na za namna hii, si mpira tu. Nitawaleta vijana wa mtaani kwangu, na malipo yao juu yangu.