Jogoo Mmoja kwa Matetea Wangapi?

Tetea hutaga bila jogoo. Anayefuga matetea 4 au 5 nyuma ya nyumba kwa ajili ya mayai ya kula hana haja ya jogoo hata kidogo: atapunguza gharama ya chakula, majirani watalala, na migongo ya kuku wake itabaki na manyoya. Jogoo ana kazi pale unapotaka vifaranga.

Kwa kuku wa kienyeji, jogoo mmoja anatosha matetea 8 hadi 10. Akiwa mzito, kama wa aina ya Kuchi, asipewe zaidi ya 8. Wengi hukosea kwa kuweka jogoo na matetea 3. Jogoo kijana hupanda mara nyingi kwa siku, tena humrudia yuleyule anayechuchumaa upesi. Manyoya ya kisogo ndiyo hukatika kwanza, maana hapo ndipo anaposhika kwa mdomo. Halafu ya mgongoni, mpaka ngozi nyekundu inaonekana. Ngozi ikichanika, kuku wengine wakiona damu hudonoa hapohapo, na kidonda kidogo huwa kikubwa haraka. Mtenge tetea siku hiyohiyo, osha kidonda kwa maji ya chumvi, paka iodini. Usishangae akikaa miezi bila manyoya: unyoya uliong'oka mzima huota tena baada ya wiki kadhaa, lakini uliokatika na kuacha kishina husubiri mpaka kuku abadilishe manyoya.

Angalia pia vipi vya jogoo, ile miba inayoota nyuma ya miguu. Vikiwa virefu na vyenye ncha huchana tetea ubavuni. Chukua tupa, usugue ncha tu hadi iwe butu. Usikate katikati, kwa sababu ndani kuna mfupa na damu.

Sasa mayai ya kuatamisha. Mbegu ya jogoo hukaa hai ndani ya tetea kwa siku 10 hadi 14, wakati mwingine hadi wiki 3. Kwa hiyo ukimleta jogoo leo, anza kukusanya mayai baada ya wiki moja. Ukimbadilisha, subiri wiki 3 ndipo uhesabu kwamba vifaranga ni wa yule mpya. Hifadhi mayai penye ubaridi, upande mpana ukiwa juu, yasizidi siku 7. Tetea wa kienyeji mwekee 10 hadi 12, yote siku moja.

Siku ya 7 tangu tetea aanze kuatamia, usiku, pima kwa tochi. Yai lenye uhai lina doa jeusi lenye mishipa inayotawanyika kama miguu ya buibui. Lililo angavu tupu halikupata mbegu, au kiinitete kilikufa mapema mno. Lenye duara jekundu lilikuwa na uhai likafa njiani. Tofauti hii ina maana kubwa. Mengi yakiwa angavu, mchunguze jogoo: huenda ni mzee, amenenepa, au ana utitiri kuzunguka kinyeo. Mengi yakiwa na duara la damu, usimlaumu jogoo; tazama joto la mahali ulipoyaweka, umri wa mayai, na tetea anayetoka kiotani ovyo.

Wakati wa kuchagua, mshike mkononi. Upanga wa kichwani uwe mwekundu, macho maangavu, vidole vimenyooka, magamba ya miguu yamelala vizuri. Papasa kidari: mfupa ukichomoza sana, amekonda. Jogoo mwema huwaita matetea anapoona chakula, akawaachia wale kwanza, na kwa tabia hiyo huweza kukonda, hivyo mpe chake pembeni. Chakula cha kuku wa mayai kina kalisi (kalsiamu) nyingi mno kwa figo zake. Ni afadhali wote wale chakula cha kuku wanaokua, na matetea wawekewe maganda ya konokono wa baharini yaliyopondwa kwenye chombo chao.

Anayerukia watu, hasa watoto, usimbakize kwa mbegu. Ukali hurithiwa, na kipi kikimpata mtoto jichoni hakuna msamaha.

Mgeni atengwe wiki 2 hadi 3, apate chanjo ya kideri kabla ya kuchanganywa. Chanjo ya kideri aina ya I-2 ni tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3. Kisha mweke nyuma ya wavu kwa siku chache wazoeane.

Badilisha jogoo kila mwaka au miaka 2, kabla hajawapanda binti zake. Ndugu kwa ndugu wakizaana, mayai yanayoanguliwa hupungua na vifaranga huwa dhaifu. Kubadilishana na jirani wa mtaa wa mbali hakugharimu kitu, mradi jogoo wake hatoki ukoo uleule. Mapora, yaani majogoo machanga, yanayobaki yauzwe au yaliwe kabla ya kufikisha umri wa miezi 6. Wakifika hapo wataanza kupigana na baba yao penye chombo cha maji.