Mkono ulitangulia

Leo tena. Nimefumbua macho, muadhini hajamaliza, na simu tayari iko mkononi. Sikumbuki kuichukua. Na jana usiku nilijiapia kabisa: simu sishiki mpaka ninywe chai. Penye nia pana njia, tumeimbishwa tangu darasa la kwanza. Mimi nia ninayo tele, njia ndiyo siioni.

Nimekumbuka Ramadhani za utotoni Tanga. Kila usiku bibi aliniuliza, "Umenuia?"

"Bibi, si nilinuia jana?"

"Ya jana ilikuwa ya jana."

Kwetu Mashafii nia ya funga hutiwa kila usiku. Ya mwezi mzima kwa mkupuo haitoshi. Mimi nilidhani ni ukali wake tu.

Wiki hii nimesoma habari za Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia Mjerumani. Katika makala yake ya 1999 anatenganisha kutaka jambo na kulipangia wakati na mahali. "Nitapunguza simu" ni maneno yanayoelea hewani. "Nikisikia adhana, nitaketi kitandani nivute pumzi tatu" ni nia iliyofungwa kamba kwenye tukio. Mwaka 2006 yeye na mwanasaikolojia mwenzake, Paschal Sheeran, walikusanya majaribio 94, wakaona wanaopanga namna hii hutimiza zaidi. Anasema tukio likifika, kitendo huamka chenyewe. Labda. Mimi adhana ninaisikia nikiwa nusu usingizini, na kinachoamka chenyewe ni kidole gumba.

Basi nikajaribu upande wa pili, ule wa kuhudhurisha moyo, yaani kuliangalia kwa makini lile unalolifanya sasa hivi. Jon Kabat-Zinn, aliyeanza kuwafundisha wagonjwa jambo hilo huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, huwapa watu zabibu kavu moja waitazame, wainuse, waitafune polepole. Nikachukua zilizobaki za pilau. Ya kwanza, sawa. Ya pili, nikawaza kodi ya nyumba. Ya tatu nikaumbuka: ile ya pili ilikuwa bado mdomoni, na mkono ulishaifuata nyingine. Hakuna aliyeutuma! Au niseme, aliyeutuma hakuniarifu.

Benjamin Libet, mtafiti wa ubongo wa Marekani, alilipima jambo hili, akalichapisha mwaka 1983: ubongo ulianza kujiandaa kuusogeza mkono kama theluthi ya sekunde kabla mtu hajahisi kwamba anataka kuusogeza. Wengine wakasema basi hiari hakuna. Libet mwenyewe aliona ipo nafasi finyu ya kuuzuia. Mimi nafasi hiyo nimeiona mara moja tu, kwenye zabibu ya nne. Mkono ulikwenda, nikauona unakwenda, ukasimama juu ya sahani. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kwa simu sijafika huko. Usiku huu nimetia nia upya, kwa sauti, kama alivyotaka bibi, na simu nimeipeleka jikoni. Sasa hivi mdogo wangu amegonga mlango anauliza kwa nini kabati la vikombe linalia.